Kutii Ni Kukiri: Stempu ya Dola 200 na Serikali Mbili za Marekani

Mwezi Aprili 2013 Sam Brownback, gavana wa Kansas, alitia saini sheria ambayo ukiisoma haraka utadhani ni tangazo la uhuru. Ilisema bunduki, au kifaa cha bunduki, kilichotengenezwa Kansas na kisichotoka nje ya Kansas hakihusiki na sheria za serikali ya shirikisho. Kigongwe tu muhuri wa kuonyesha kuwa kimetengenezwa Kansas, kisivuke mpaka, basi. Na afisa wa shirikisho atakayejaribu kuingilia, sheria ikaendelea, huyo ndiye atakayekuwa mhalifu. Eric Holder, Mwanasheria Mkuu wa Marekani wakati huo, hakukawia. Alimwandikia Brownback barua akimwambia kwamba sheria hiyo inapingana na Katiba na kwamba maafisa wake wataendelea na kazi kama kawaida. Brownback akajibu kwamba watu wa Kansas wameshasema.

Wakubwa wakiandikiana barua, hakuna anayelala rumande. Lakini katika mji mdogo wa Chanute, kusini-mashariki mwa jimbo hilo, kulikuwa na mwenye duka la vifaa vya kijeshi aliyeisoma ile sheria akaiamini. Akaanza kutengeneza viwambo vya kuzuia sauti na kuviuza dukani kwake. Mteja wake mmoja, mwanajeshi wa zamani, alinunua kimoja. Wasomaji wa riwaya zetu za upelelezi wanakijua sana kifaa hicho: kinafungwa mbele ya mtutu wa bastola, na katika riwaya mlio unakuwa "pfu" na mtu anaanguka. Kwa kweli hakinyamazishi kiasi hicho, ila sheria ya shirikisho inakihesabu kuwa ni silaha ya kudhibitiwa, sawa na bunduki ya rashasha.

Novemba 2016 wote wawili walitiwa hatiani katika mahakama ya shirikisho mjini Wichita. Hawakushtakiwa kwa kumpiga mtu wala kumtishia mtu. Muuzaji alikutwa na hatia ya kutengeneza na kuuza vifaa visivyosajiliwa, mteja akakutwa na hatia ya kuwa na kifaa kisichosajiliwa. Utetezi wao ulikuwa mwepesi kueleweka hata na mtoto: sisi tumefuata sheria ya jimbo letu, iliyopitishwa na bunge letu na kusainiwa na gavana wetu. Mahakama ikasema huo si utetezi.

Kisa hiki kinanivutia kuliko mabishano yote ya Wamarekani kuhusu bunduki, yale ya haki ya kujilinda upande huu na watoto waliouawa shuleni upande ule. Hapa swali ni jingine kabisa. Mtu anayetaka kutii afanye nini pale anapotawaliwa na serikali mbili kwa wakati mmoja, kila moja na kitabu chake cha sheria, na hakuna inayowajibika kwa ahadi za mwenzake? Maana jimbo la Marekani si mkoa wa kwetu. Lina bunge lake, mahakama zake, sheria zake za jinai. Msomaji wa Tanzania aliyekulia kwenye mjadala wa mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano ataelewa upesi. Tofauti ni kwamba Marekani mabishano hayo hayaishii bungeni. Humfikia mtu barabarani, akiwa na kitu kwenye buti la gari.

Ili kujua Chanute ilitokeaje, turudi 1934.

Miaka hiyo Marekani ilikuwa imechoka. Februari 14, 1929, watu 7 walipangwa ukutani Chicago na kumiminiwa risasi za rashasha katika vita vya magenge ya pombe. Februari 1933 mtu mmoja alimfyatulia risasi Franklin Roosevelt mjini Miami, wiki chache kabla hajaapishwa kuwa rais. Akamkosa, lakini risasi ikampata Anton Cermak, meya wa Chicago, ambaye baadaye alikufa. Roosevelt alipoingia madarakani, Mwanasheria Mkuu wake, Homer Cummings, alitaka sheria ya nchi nzima dhidi ya silaha za majambazi.

Tatizo ni kwamba serikali ya shirikisho haikuwa na mamlaka ya kipolisi ya jumla. Kukataza watu kumiliki kitu fulani ilikuwa kazi ya majimbo, na baadhi yalishaanza: New York ilikuwa na sheria ya vibali vya bastola tangu 1911, iliyoitwa kwa jina la mwanasiasa Timothy Sullivan. Washington ilikuwa na nini? Ilikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Na kodi, kama anavyojua yeyote aliyewahi kufungua genge la nyanya, inaweza kukuua bila kukugusa. Njia hiyo ilishajaribiwa mwaka 1914 kwa dawa za kulevya. Kwa hiyo Cummings akaenda mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi inayoshughulikia mapato, hebu fikiria, kamati ya mapato, akawaeleza wabunge waziwazi: tukiikataza rashasha moja kwa moja tunaweza kugombana na Katiba, tukiitoza kodi tuko salama.

Sheria ya Taifa ya Silaha ilisainiwa Juni 26, 1934. Kodi ilikuwa dola 200 kwa kila silaha inayobadili mikono, na risiti yake ni stempu. Fedha hiyo haikuwa mbali na bei ya bunduki ya Thompson yenyewe, ile rashasha maarufu ya magenge. Ili kodi ikusanywe lazima kuwe na daftari, ili kuwe na daftari lazima watu waandikishe, na asiyeandikisha anafungwa. Ndivyo serikali isiyoweza kukataza ilivyopata njia ya kufunga. Mwaka 1937, katika kesi ya Sonzinsky, Mahakama ya Juu ilisema haina kazi ya kuchunguza nia iliyojificha nyuma ya kodi: ikiwa ina sura ya kodi na inaingiza chochote, ni kodi.

Mswada wa mwanzo ulikuwa umezijumuisha bastola. Zikaondolewa, baada ya upinzani wa wenye bunduki, akiwemo rais wa chama chao cha kitaifa, Karl Frederick, aliyefika mwenyewe kutoa ushahidi. Lakini kwa kuwa wasiwasi ulikuwa kwamba mtu atanunua bunduki ndefu na kuikata mtutu ili kukwepa sheria ya bastola, mswada ulikuwa umezijumuisha pia bunduki zilizokatwa. Bastola zikatoka, zilizokatwa zikabaki. Yaani mlango mkuu umeng'olewa, komeo la dirisha likaachwa. Mpaka leo Mmarekani anaweza kununua bastola inayoingia mfukoni bila kugusa sheria ya 1934, lakini akipunguza mtutu wa bunduki ya marisau hadi chini ya inchi 18, au wa bunduki ya risasi hadi chini ya inchi 16, bila kibali, amefanya kosa la jinai la shirikisho. Watu wamefungwa kwa sababu ya upana wa kidole.

Kesi kubwa ya kwanza ilihusu bunduki ya marisau ya namna hiyo. Mwaka 1938 watu wawili waliisafirisha kutoka Claremore, Oklahoma, hadi Siloam Springs, Arkansas. Mmoja aliitwa Miller, jambazi mdogo aliyewahi kutoa ushahidi dhidi ya genge lake la wizi wa benki. Jaji wa Arkansas akaifuta kesi kwa maelezo mafupi sana, kwamba sheria inavunja Marekebisho ya Pili ya Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mbele ya Mahakama ya Juu hakutokea wakili yeyote upande wa Miller, mawakili wa serikali wakazungumza peke yao, na Mei 15, 1939 wakashinda. Miller hakuisikia hukumu. Mwezi mmoja kabla alikutwa ameuawa kwa risasi huko Oklahoma. Kesi iliyoamua maana ya haki ya silaha kwa karibu miaka 70 ilisikilizwa kwa upande mmoja, na mhusika wake alikuwa kaburini.

Lakini swali la Miller lilikuwa haki ya kumiliki. Swali la kutii lilisubiri hadi 1968, na kwangu mimi hapo ndipo historia hii inapokuwa tamu.

Sheria ya 1934 ilimtaka kila aliye na silaha ya aina hizo aiandikishe, kama haikupita kwake kwa njia halali. Soma tena sentensi hiyo. Aliyeipata kwa njia halali, karatasi zake zipo, hana haja ya kujiandikisha. Aliyebaki ni nani? Ni yule aliyeipata kwa kuvunja sheria. Kwa maneno mengine, serikali ilikuwa inawaambia hasa wahalifu: njooni mjaze fomu, mtaje jina, anwani, na silaha ilipo. Usipokuja, unafungwa kwa kutokujiandikisha. Ukija, umejishtaki mwenyewe. Na Marekebisho ya Tano ya Katiba yanasema hakuna mtu atakayelazimishwa kuwa shahidi dhidi ya nafsi yake.

Kesi iliitwa Haynes dhidi ya Marekani, na ilitoka Texas. Mshtakiwa alikutwa na bunduki ya marisau iliyokatwa mtutu, haijasajiliwa. Januari 29, 1968, kwa kura 7 dhidi ya 1, Mahakama ya Juu ilisema kwamba mtu wa namna yake akiitumia kinga ya Marekebisho ya Tano, hawezi kuadhibiwa kwa kutojiandikisha. Aliyeandika hukumu ni Jaji Harlan. Aliyepinga ni Jaji Mkuu Earl Warren, yule yule ambaye magazeti yalimwona mtetezi wa washtakiwa.

Siku hiyo hiyo mahakama ilitoa hukumu nyingine, ya Marchetti, na hizi mbili ni za kusomwa pamoja. Marchetti ilihusu kamari. Serikali ya shirikisho ilikuwa inatoza wachezesha kamari kodi ya dola 50 kwa mwaka, ikiwataka wajisajili, na stempu waibandike mahali inapoonekana. Mshtakiwa alikuwa wa Connecticut, ambako kamari yenyewe ilikuwa kosa kwa sheria za jimbo. Sasa mtu huyu afanye nini? Akimlipa Kaisari wa Washington, stempu iliyo ukutani inamwita polisi wa Connecticut. Asipolipa, Washington inamfunga. Serikali moja inadai ukweli wako ili ikutoze, nyingine inauokota huo ukweli ikufunge nao. Mahakama ikaona hatari hiyo si ya kufikirika.

Watu wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka, kwamba kumbe sheria ya usajili wa silaha inamwacha mwenye dhambi. Bunge halikucheka. Mwaka huo huo, Aprili, aliuawa Martin Luther King, Juni akauawa Robert Kennedy, na Oktoba 22, 1968 Rais Lyndon Johnson akasaini sheria mpya ya udhibiti wa bunduki. Ndani yake sheria ya 1934 ilifumwa upya. Anayeandikisha sasa ni mtengenezaji au anayemwachia mwenzake silaha, si anayeipokea. Na maelezo ya kwenye fomu hayawezi kutumiwa dhidi ya mwombaji kwa kosa la kabla au la wakati ule ule. Kesi ya mabomu ya mkono kutoka California ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1971, serikali iliongeza kwamba kwa kawaida daftari hilo haliwapi majimbo habari zake. Mahakama ikaridhika.

Kwa wale waliokuwa na silaha za gizani, Bunge lilifungua dirisha la siku 30 mwezi Novemba 1968: leta, andikisha, hutaulizwa. Dirisha likafungwa Desemba 1.

Ndipo ukatokea mtego mpya, na huu haukumlenga jambazi. Kwa kuwa anayepokea silaha haruhusiwi kuiandikisha, silaha ambayo haikuwa daftarini baada ya siku hiyo haina tena njia ya kuingia mikononi mwa raia kihalali. Fikiria mjane anayesafisha dari la nyumba akakuta rashasha ambayo mumewe alirudi nayo kutoka vita vya Ulaya mwaka 1945. Hawezi kuisajili. Hawezi kuiuza. Hawezi kumpa mwanawe. Kutii kwake ni kitu kimoja tu, kuikabidhi kwa serikali, na aanze na kupiga simu kabla ya kuibeba, maana hata kuipeleka kituoni ni kutembea nayo barabarani. Silaha iliyosajiliwa, kwa upande mwingine, inaweza kurithiwa bila kodi. Ila mrithi akiwa anaishi katika jimbo linaloikataza, ombi lake litakataliwa, kwa sababu ofisi ya shirikisho haiidhinishi kitu ambacho mpokeaji akikishika tu amevunja sheria ya jimbo lake. Marehemu alikuwa mtii, mwana ni mtii, urithi hauvuki mpaka.

Mwaka 1986 ikaja sheria ya kuwalinda wenye silaha, iliyosainiwa na Ronald Reagan Mei 19, na ndani ya sheria hiyo hiyo ya kuwalinda kikachomekwa kifungu kilichofunga daftari la rashasha: zilizosajiliwa kufikia siku hiyo ziendelee kuuzwa na kununuliwa, mpya hakuna kwa raia. Matokeo yake rashasha kuukuu leo inauzwa bei ya gari, wakati mwingine zaidi. Sheria hiyo pia ndiyo iliyoleta ahadi ya msafiri: ukitoka mahali ambapo silaha yako ni halali, ukaenda mahali ambapo ni halali, unaweza kupita katikati hata kwenye jimbo linaloikataza, mradi haina risasi chemba na iko mahali usipofikia kwa mkono.

Ahadi nzuri. Mwaka 2005 mkazi wa Utah alikuwa anasafiri kwa ndege kwenda Pennsylvania, silaha yake imefungiwa kwenye mzigo na kutangazwa kama inavyotakiwa. Ndege ikachelewa, akakosa ya kuunganisha, akakwama Newark, jimbo la New Jersey. Akapewa mzigo wake, akalala hotelini karibu na uwanja, asubuhi akarudi uwanjani na kutangaza tena kwamba ana silaha. Akakamatwa. Mashtaka yalikuja kufutwa, lakini aliposhtaki naye kudai haki, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilimwambia mwaka 2010 kwamba usiku ule hotelini silaha ilikuwa karibu na mkono wake, kwa hiyo ahadi haikumfunika. Angeweza, mahakama ikashauri, kuwaambia polisi wa uwanja kabla hajachukua mzigo. Ni ushauri mzuri kwa mtu anayejua sheria za majimbo manne saa nne usiku.

New Jersey hiyo hiyo, mwaka 2013, ilimsimamisha mama mmoja wa watoto wawili kutoka Philadelphia. Alikuwa na kibali halali cha Pennsylvania, na mwenyewe ndiye aliyemwambia polisi kwamba ana bastola. Kibali cha Pennsylvania, upande wa pili wa mto Delaware, ni karatasi tu. Alikabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitatu na nusu. Yalipopigwa makelele mengi aliingizwa kwenye mpango wa kuepuka kesi, na mwaka 2015 Gavana Chris Christie akamsamehe. Bastola yake haikuwa kwenye orodha ya 1934, lakini namtaja kwa sababu kosa lake lilianza pale alipojieleza. Hadi dakika hiyo polisi hakujua kitu.

Wale wenye silaha za orodha hiyo hawana hata ahadi kamili ya msafiri. Ukitaka kuvuka mpaka wa jimbo na bunduki fupi au rashasha, sharti uombe ruhusa ya maandishi Washington kwanza, hata kama ni kwenda kulenga shabaha wikiendi. Kiwambo cha sauti hakidaiwi ruhusa hiyo. Usiniulize mantiki.

Kwa miaka mingi kulikuwa na daraja jingine kati ya serikali hizi mbili: saini. Raia akiomba silaha ya orodha, fomu ya shirikisho ilidai mkuu wa polisi wa kwake aisaini. Sherifu hakulazimika kusaini. Wapo waliokataa kila ombi kwa msimamo wao tu, na hakuna wa kuwauliza. Wanasheria wakagundua uchochoro. Kampuni au mfuko wa amana, yaani chombo cha kisheria kinachomiliki mali kwa niaba ya watu, haukuhitaji saini hiyo. Basi watu wakaanza kufungua mifuko ya amana kwa ajili ya bunduki moja. Julai 2016 kanuni ikabadilishwa: saini ikafutwa, mkuu wa polisi akabaki kupewa taarifa, na wanaosimamia mifuko nao wakatakiwa kupeleka picha na alama za vidole.

Kukataa kwa sherifu kunanirudisha Kansas, kwa sababu majimbo yana haki moja ya kweli ambayo wanasiasa wake huifanya ionekane kubwa kuliko ilivyo. Mwaka 1997, katika kesi ya Printz, masherifu wa Montana na Arizona waligoma kufanya ukaguzi wa wanunuzi wa bastola kwa niaba ya Washington, na Mahakama ya Juu ikawaunga mkono kwa kura 5 dhidi ya 4. Serikali ya shirikisho haiwezi kuwageuza watumishi wa jimbo kuwa watumishi wake. Jimbo linaweza kukaa pembeni, likunje mikono, liseme hatusaidii. Lakini haki ya jimbo kutokusaidia haimpi raia wa jimbo hilo haki ya kutotii. Sherifu akikunja mikono anaendelea kupokea mshahara. Mwenye duka wa Chanute akikunja mikono, anafungwa pingu.

Oktoba 2018 mahakama ya rufaa iliwajibu wale wawili kwa hoja ninayoiona ya haki kisheria na ya kikatili kwa maisha. Ukidanganywa na afisa wa serikali kwamba kitu ni halali, unayo hoja ya kujitetea, ila afisa huyo awe wa serikali ile inayokushtaki. Gavana wa Kansas hana mamlaka ya kutafsiri sheria za shirikisho, kwa hiyo kumwamini ni juu yako. Kuhusu stempu, mahakama ikaikumbuka kesi ya Sonzinsky: ni kodi, na kodi ya shirikisho haiondolewi na jimbo. Muuzaji alipata miaka 2 ya kifungo cha nje, mteja mwaka 1. Majaji waliwahurumia. Wabunge waliotunga ile sheria na gavana aliyeisaini hawakupoteza hata usingizi, na sijui kwa nini hilo halisemwi zaidi.

Juni 10, 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kuwasikiliza. Wiki moja baadaye, Juni 17, ikatoa hukumu ya Gamble. Huyu alikuwa mtu wa Alabama aliyewahi kufungwa kwa unyang'anyi, akasimamishwa na polisi mjini Mobile mwaka 2015 kwa sababu ya taa mbovu ya gari, akakutwa na bastola. Jimbo likamshtaki, akakiri, akafungwa mwaka 1. Kisha serikali ya shirikisho ikamshtaki kwa bastola ile ile, siku ile ile, gari lile lile, na kifungo chake kikaongezeka kwa karibu miaka 3. Katiba inakataza mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa moja. Majaji 7 kati ya 9 wakasema haya ni makosa mawili, kwa sababu ni sheria mbili za wenye enzi wawili. Waliopinga walikuwa Ruth Bader Ginsburg na Neil Gorsuch, watu ambao ungewakuta meza moja mara chache sana.

Ziweke hukumu hizo mbili pamoja. Kwa yule wa Kansas: serikali hizi ni mbili, ahadi ya moja haiifungi nyingine. Kwa yule wa Alabama: serikali hizi ni mbili, adhabu ya moja haiitoshelezi nyingine.

Hayo ndiyo mazingira ambamo ndugu zetu walioko huko wanaishi pia. Mwenye viza ya masomo au ya kazi ya muda, kwa sheria ya shirikisho tangu 1998, haruhusiwi kuwa na bunduki isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji, hata kama jimbo analoishi linaruhusu kila mtu mzima kubeba. Na anayevuta bangi kwa kadi ya daktari iliyotolewa na jimbo lake ni, machoni mwa Washington, mtumiaji wa dawa haramu asiyetakiwa kununua silaha, na swali hilo limo kwenye fomu ya dukani. Akijibu ndiyo, hauziwi. Akijibu hapana, amesema uongo kwa serikali.

Mwaka 2021 Texas ilirudia wazo la Kansas kuhusu viwambo, lakini wao walikuwa wamesoma kesi. Sheria yao ilimtaka anayetaka kutengeneza kiwambo cha Texas amwandikie kwanza Mwanasheria Mkuu wa jimbo, naye aende mahakamani kupata tamko kabla mtu hajashika tupa. Mahakama ya rufaa iliwatoa mwaka 2024 kwa kukosa hadhi ya kushtaki. Hakuna aliyefungwa.

Ile dola 200 haikuguswa tangu 1934. Katika fedha za leo ingekuwa zaidi ya dola 4,000, kwa hiyo kodi iliyowekwa ili iwashinde watu ilizidi kuwa rahisi kila mwaka, mpaka ikawa kero ndogo kuliko kusubiri kibali. Kisha Julai 4, 2025 Rais Donald Trump akasaini sheria kubwa ya bajeti iliyoishusha hadi sifuri kwa viwambo na kwa bunduki fupi, kuanzia Januari 1, 2026. Rashasha imebaki na dola 200 zake. Usajili haukuondolewa: fomu bado, picha bado, alama za vidole bado, kifungo bado.

Kesi zilifunguliwa ndani ya wiki hizo hizo. Walalamikaji wanairudia hoja ya Cummings mwenyewe, wakiwa wameigeuza: mlisema mahakamani, miaka 90, kwamba daftari hili lipo ili kodi ikusanywe, na kodi sasa ni sifuri. Huku hayo yakiendelea, katika majimbo manane, New York na California yakiwemo, kiwambo bado kimekatazwa kwa raia wa kawaida, na anayeomba kibali cha bure kutoka huko atarudishiwa fomu yake.